“Fishi hii ni chafu, iandike upya”: muuguzi wa usiku aomba shauri

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni muuguzi A1, nina miaka 11 ya kazi, na sita ya mwisho nimeifanya materinite (wodi ya wazazi) ya hospitali moja hapa Lubumbashi. Jina la hospitali usiliandike, na langu vilevile. Nataka tu kujua kama kweli mimi ni mjinga, maana kazini wananiambia hivyo na nyumbani pia.

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Vitanda 19. Tulipaswa kuwa wauguzi wawili, mwenzangu akapiga simu kwamba mtoto wake ana homa, hakuja. Nikabaki na binti mmoja wa staji, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kitanda cha 7 alikuwepo mama wa miaka 23, uzazi wa kwanza, alipasuliwa saa 11:30 jioni, mtoto mzima, mama mzima. Saa 2 usiku nilimpima mwenyewe: mapigo 92, tansio (presha ya damu) 110 kwa 70. Halafu mama wa kitanda cha 15 akaanza kifafa cha mimba. Nilikuwa juu yake na magnesiamu, na sonda, na kumgeuza ubavu, karibu saa mbili nzima. Kitanda cha 7 sikurudi.

Karibu saa 4 umeme ukakatika. Yule binti wa staji akapita kwenye vitanda na tochi ya simu, akarudi mbio: “Mama, yule wa 7 anajigeuzageuza, anaomba maji, nimehesabu mapigo 124.” Akayaandika kwenye fishi, karatasi ya vipimo vya mgonjwa. Nikaenda. Tansio 100 kwa 80, pumzi 26, mkojo kwenye mfuko 35 ml tu tangu saa 2. Pamba yake ilikuwa karibu kavu. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, na alikuwa ananitazama vile wanavyotazama wagonjwa wanaozidiwa.

Saa 4:10 nilimpigia dokta wa zamu kwa uniti zangu. Alikuwa bloku, chumba cha upasuaji, anamfungua mtu wa ajali ya pikipiki. Nikasema: “Dokta, mama wa kitanda cha 7 hayuko sawa, anahangaika sana.” Akajibu ni maumivu ya kidonda, mpe dawa ya maumivu. Saa 4:50 nikapiga tena. Akasema nimtie serumu (maji ya mshipani) lita moja, atakuja. Saa 5:35 mara ya tatu, akaomba emoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Ikatoka 9.6, kabla ya upasuaji alikuwa na 11.2. Akasema: “Unaona? Kwa mtu aliyepasuliwa hiyo ni nzuri. Acha kunisumbua, dokta ni mimi.”

Saa 6:20 mapigo yalikuwa 140 na tansio 80 kwa 50. Nikampigia mkuu wa upasuaji nyumbani kwake. Kwetu hiyo haifanyiki. Alifika saa 6:55, akaweka mkono juu ya tumbo, hata koti hakuvua. Saa 7:40 walikuwa wamefungua: damu karibu lita mbili, mshipa wa pembeni ya kidonda cha kizazi. Wakashona, kizazi kikalegea, hakikusikia dawa, wakakitoa. Mifuko minne ya damu. Yuko hai, ananyonyesha.

Sasa mkuu wa materinite ameniita. Anasema fishi ya usiku ule ni chafu, niiandike upya kwenye karatasi safi: mapigo ya saa 4 yawe 96, simu ya kwanza iwe ya saa 5:35, na vipimo vya saa 3 viwepo. “Itakukinga na wewe,” anasema, “maana una shimo la saa mbili.” Amenipa mpaka Alhamisi ijayo. Dokta wa zamu hanisalimii. Wenzangu wananiita “Dokta Mama.” Baba ya watoto anasema tuna watoto wanne na primu yangu, nyongeza ya mshahara, ndiyo inayolipa shule, niandike basi yaishe. Fishi ya kwanza nimeipiga picha, iko ndani ya simu.

Na kuna lingine. Mama mkwe wa yule mgonjwa anasema ni shangazi wa binti ndiye aliyemfunga kizazi. Wameshamfukuza shangazi pale nyumbani. Siku ya kutoa nyuzi mgonjwa mwenyewe aliniuliza: “Mama, ni nini kilinipata?” Nikamjibu aongee na dokta. Nikaenda chooni nikalia.

Ningepiga kelele zaidi? Niandike? Nimwambie?

Muuguzi wa usiku, Lubumbashi

JIBU

Mama, jambo sana, na aksanti kwa barua iliyoandikwa kwa saa na dakika. Wengi wangeandika “alikuwa vibaya.” Wewe umeandika 124, 100 kwa 80, 35 ml. Nitajaribu kukujibu kwa namna hiyohiyo.

Kama nimekuelewa vizuri, kuna mambo matatu na umeyafunga kwenye kitenge kimoja: fishi, mgonjwa aliyeuliza, na usiku wenyewe. Naomba tuanze na usiku, ingawa umeuweka mwisho. Naona ndio unaokunyima usingizi, na mtu asiyelala huamua mambo ya Alhamisi kwa hofu tu.

Unauliza kama ungepiga kelele zaidi. Mimi nina swali jingine: kelele za namna gani? Angalia ulichokuwa nacho mkononi saa 4. Mtu mzima anaweza kupoteza mpaka karibu theluthi ya damu yake kabla tansio ya juu haijashuka waziwazi. Mwili hubana mishipa na moyo hukimbia. Kwa hiyo kinachopanda kwanza ni mapigo, pumzi inafuata, mkojo unapungua, na pengo kati ya tansio ya juu na ya chini linakuwa jembamba. Saa 2 pengo lake lilikuwa 40. Saa 4 lilikuwa 20. Na mama aliyetoka kujifungua huficha zaidi kuliko mtu mwingine, kwa sababu ujauzito umemwongezea damu, karibu nusu juu ya aliyokuwa nayo. Gawanya mapigo kwa tansio ya juu: saa 2 ni 92 kwa 110, yaani 0.84, saa 4 ni 124 kwa 100, yaani 1.24. Kwa mama aliyejifungua, kuanzia 0.9 ni alama ya kusimama na kutafuta damu inakotokea. Hesabu hiyo haihitaji mashine wala umeme.

Pamba kavu ndiyo inayowadanganya watu baada ya upasuaji. Damu ya mshipa wa pembeni ya kidonda cha kizazi haina haja ya kupita chini, inakaa tumboni. Na emoglobini ya 9.6 iliyomtuliza dokta ilikuwa inasimulia habari za saa zilizopita. Mtu anapovuja damu upesi, anapoteza chembe na maji pamoja. Kinachobaki mshipani kina uzito uleule. Namba hushuka baadaye, maji ya mwili na ya serumu yanapoingia kuchanganyika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni hivyohivyo, kinaweza kusoma 98 kwa mtu anayeishiwa damu, maana chembe chache zilizobaki zimejaa hewa vizuri. (Tochi ya simu nayo ina uongo wake: mwanga wake mweupe humfanya kila mtu aonekane amepauka. Vuta kope la chini, tazama ulimi na viganja, kisha mulika ndugu anayemlinda ulinganishe.)

Marekani tangu 2014 wana orodha fupi kwa wazazi. Miongoni mwa dalili zake: tansio ya juu chini ya 90, mapigo juu ya 120, pumzi juu ya 30, mkojo chini ya 35 ml kwa saa kwa muda wa saa mbili, mama kuhangaika au kuchanganyikiwa. Moja tu ikionekana na kuthibitishwa, dokta anafika kitandani. Mama wako alikuwa nazo tatu saa 4. Ulikuwa na haki ya kuogopa, na ulikuwa na vitu vya kumwonyesha mtu.

Hapa naomba univumilie. Simu yako ya kwanza ilisema “hayuko sawa, anahangaika sana.” Namba zote ulikuwa nazo, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye simu. Mtu mwenye mikono ndani ya tumbo la mtu mwingine, ameshikiwa simu sikioni, husikia “anahangaika” akaelewa maumivu. Fikiria maneno haya badala yake: “Dokta, ni materinite. Kitanda cha 7, amepasuliwa saa 11:30. Saa 2 mapigo 92, sasa 124. Tansio 100 kwa 80, pumzi 26, mkojo 35 ml kwa saa mbili, tumbo linajaa. Nadhani anavuja damu ndani. Naomba uje sasa. Kama huwezi kutoka bloku, nimwite nani?” Ni kama sekunde 20. Wafaransa wameipa mpangilio huo jina la SAED, na mamlaka yao ya afya ilianza kuusambaza mwaka 2014: hali ilivyo, alikotoka mgonjwa, unavyoona wewe, unachoomba. Wauguzi wengi huiacha ile ya tatu, kwa sababu tumefundishwa kwamba “kudhani” ni kazi ya dokta, na ile ya nne kwa sababu kuomba kunaonekana kama kuamuru. Ukiyaacha hayo mawili, dokta anabaki na habari isiyo na mkia.

Sisemi hivi ili nikuongezee mzigo. Sina njia ya kujua kama maneno mengine yangemtoa bloku, na wewe huna. Nasema kwa sababu umejiwekea njia mbili tu, kunyamaza au kupiga kelele, na kati yake kuna ya tatu ambayo hukufundishwa.

Sasa huyo dokta. “Dokta ni mimi” ni neno baya, sitalitetea. Lakini barua yako yenyewe inaonyesha mtu mmoja akibeba ajali na materinite kwa wakati mmoja, hospitali nzima, bila wa pili. Je, kuna karatasi yoyote ukutani inayosema dokta wa zamu akifungwa bloku aitwe nani? Kama haipo, basi saa 6:20 hukumruka mtu. Ulipanda ngazi ambayo mtu alipaswa kuijenga zamani. Na uniti za simu zilikuwa za nani? Zako. Hilo nalo liandike mahali.

Tuje kwenye shimo la saa mbili. Nadhani hapa ndipo mkuu wako amekushika, na anajua. Anakuambia fishi mpya inakukinga. Tuliangalie taratibu.

Baada ya upasuaji wa uzazi, kawaida ni kupima kila dakika 15 kwa saa ya kwanza au mbili, kisha kila nusu saa, kisha kila saa. Kati ya saa 2 na saa 4 hukupima. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba ulikuwa peke yako na vitanda 19 na kifafa cha mimba mkononi. Fishi ya kitanda cha 15 ina saa zake: dozi ya magnesiamu, pumzi, mkojo. Fishi hizo mbili zikilazwa mezani pamoja zinaeleza shimo lako vizuri kuliko wakili. Ukijaza vipimo vya saa 3 kwenye kitanda cha 7, utajikuta umeandika kwamba ulikuwa kwenye vitanda viwili dakika ileile.

Na si fishi peke yake inayokumbuka. Daftari la bloku lina saa dokta alipoingia na kutoka. Daftari la laboratwari lina saa sampuli ilipofika. Farmasi ina karatasi ya lita ile ya serumu. Simu yako na yake zina orodha ya simu zilizopigwa. Mkuu wa upasuaji anajua saa aliyoamshwa. Fishi mpya italazimika kupatana na hayo yote, na anayeulizwa ikikataa kupatana ni mwenye mwandiko. Kughushi maandishi ni kosa katika sheria ya jinai ya nchi yetu, na karatasi haitasema kwamba uliagizwa. Mkuu wako anaweza kuwa anaamini kweli kwamba anawakinga wote; watu wengi huliita hilo huruma. Muulize tu, kwa upole, kama yuko tayari kuweka sahihi yake chini ya yako.

Ukiamua kutoandika upya, usiseme “nakataa” kwenye korido mbele ya watu. Kuna njia inayomwachia mkuu nafasi ya kupumua: “Mukubwa, ya kwanza siwezi kuibadilisha, lakini naweza kuongeza maelezo.” Maelezo ya kuchelewa yanaruhusiwa, mradi yajionyeshe kwamba yamechelewa. Unaandika tarehe na saa ya leo, kisha “maelezo yaliyoongezwa kuhusu usiku wa tarehe fulani,” kisha ulichoona, ulichofanya, nani uliongea naye na alijibu nini kwa maneno yake, kisha sahihi. Makosa hukatwa kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka. Hakuna kupaka rangi nyeupe, hakuna kurarua. Shimo lako liandike wewe mwenyewe: “Kati ya saa 2 na saa 4 vipimo havikuchukuliwa, muuguzi alikuwa kitanda cha 15, kifafa cha mimba, zamu ya muuguzi mmoja.” Aliyeandika shimo lake kwa mkono wake ni vigumu kumtisha nalo.

Hatari ya njia hiyo usiidharau. Unaweza kuhamishwa materinite. Primu inaweza kuchelewa bila mtu kukueleza kwa nini. Utakula peke yako kwa muda. Baba ya watoto si mwoga, anahesabu ada ya watoto wanne, na hesabu yake ni halali. Ila anaweza kuwa anahesabu upande mmoja tu. Kaa naye muweke na upande wa pili mezani: ikiwa familia ya mgonjwa itashtaki na fishi mbili zikaonekana, ni mshahara wa nani utakaosimama? Msikilize jibu lake mpaka mwisho kabla hujajibu.

Kuna mlango mwingine ambao haumdai mtu yeyote kuanguka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 utaratibu wa kuchunguza akina mama waliofika ukingoni wakarudi hai, na kutolewa kizazi kwa sababu ya damu ni moja ya alama zake. Mama wako anaingia moja kwa moja. Unaweza kuomba kisa kijadiliwe kikaoni bila majina, kwa maswali manne matano: nani anaitwa dokta akiwa bloku, muuguzi mmoja anaweza vitanda vingapi, ni namba gani zinazomleta dokta kitandani bila mjadala, damu inapatikana kwa dakika ngapi. Mkuu wa upasuaji aliyekuja bila kuvua koti anaweza kuwa ndiye wa kukibeba kisa hicho. Umeongea naye tangu usiku ule? Barua yako haisemi, na nilishangaa kidogo. Lakini kikao kama hicho hufaa pale tu mkuu wa kikao anapozuia lawama. Pasipo hapo kinageuka baraza la kumhukumu mdogo kuliko wote, na huyo ni wewe au yule binti wa staji. Pima nani atakikalia kiti.

Ukitazama mifano ya nje utaona kupima kunabadilisha mambo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa 2023 kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliwahusu waliojifungua kwa njia ya kawaida, si waliopasuliwa. Kitu kikubwa kilichoongezwa kilikuwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya mama, ili damu isikadiriwe kwa jicho, pamoja na ruhusa ya kuanza dawa zote mara moja bila kungoja moja ishindwe. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Ukitaka kitu cha kuweka juu ya meza ya wakubwa, hicho hakimtukani mtu.

Nje ya hospitali kuna ofisi ya zone de santé (eneo la afya), kuna sendika, chama cha wafanyakazi, kama wewe ni mwanachama, na kuna Ordre ya wauguzi, baraza la taaluma yenu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kwenda huko kabla ya kuzungumza ndani kutaonekana vita, na vita hairudi nyuma kirahisi. Kutokwenda kabisa, hasa ukitishwa, ni kubaki peke yako. Wengine huanza kwa kuuliza shauri tu, bila kupeleka mashtaka.

Ile picha ndani ya simu: najua kwa nini uliipiga. Lakini ina jina la mgonjwa, na siri ya kazi inalindwa na sheria ileile ya jinai. Simu za nyumbani huchezewa na watoto, picha hupanda zenyewe kwenye intaneti, kisha moja inaruka WhatsApp na wewe ndiye unayekuwa mkosaji. Kuifuta ni kupoteza ushahidi wako, kuibakiza ni kubeba siri ya mtu mfukoni. Katikati yake kuna daftari: andika leo, kabla kumbukumbu haijachoka, saa zote na maneno yote, bila jina la mgonjwa wala kitanda, weka tarehe, liweke pasipo mikono ya watoto. Kuhusu picha yenyewe, mwanasheria au mtu wa Ordre atakueleza vizuri zaidi kuliko mimi.

Na sasa mama wa miaka 23.

Alikuuliza swali, si mama mkwe. Ni mtu mzima, mwili ni wake, na kanuni za maadili za wauguzi, zile za baraza la kimataifa zilizoandikwa kwanza 1953, zinaanza na huyo aliyelala kitandani. “Ongea na dokta” halikuwa jibu la uongo. Maelezo ya upasuaji kweli ni ya aliyepasua. Ila nadhani umeyachanganya maswali mawili. Kuna “ni nini kilinipata,” na kuna “nani alichelewa.” La kwanza lina jibu lisilomlaumu mtu: mshipa wa pembeni ya kidonda ulivuja ndani ya tumbo, kizazi kililegea, madaktari walikitoa ili damu isimame. Vifuko vyake vya mayai vipo, kama havikuguswa, kwa hiyo hataingia ukomo wa hedhi sasa, ila damu ya mwezi haitarudi na mimba haitashika tena. Kuna mtu aliyemwambia hata hilo la hedhi? Mara nyingi hakuna, na mwanamke hungoja miezi akijiuliza.

Hospitali inaponyamaza, nafasi ile haibaki tupu. Tayari kuna shangazi mmoja amefukuzwa kwa sababu ya mshipa. Huwezi kuzuia watu kuamini wanachoamini, wala sikushauri ubishane na mama mkwe kwenye ngazi za hospitali. Lakini unaweza kumwomba mkuu wa upasuaji aketi na mgonjwa, yeye na mtu anayemchagua mwenyewe, labda mumewe, labda shangazi huyohuyo, na wewe uwepo. Uwepo wako una maana: ndiye uliyekuwa naye usiku. Akiuliza hapo kuhusu kuchelewa, jibu lipatikane kwa anayeongoza. Ukimjibu peke yako pembeni, unaweza kumpa ukweli bila kumpa mtu wa kuuendesha, na kesho yake familia iko mlangoni na jina lako. Ukikaa kimya kabisa, utaendelea kukutana naye kliniki ya mtoto siku za chanjo. Njia zote mbili zina bei, na wewe unaijua hospitali yenu kuliko mimi.

Nimalizie na mtu uliyempitia haraka kwenye barua. 124 iliandikwa na nani? Na yule binti wa staji, kwa mkono wake, gizani, bila kutumwa. Namba mkuu anayotaka iwe 96 haiko kwenye mwandiko wako. Kuiandika upya ni kumwomba na yeye, au kumfanya asiwepo usiku ule. Kabla ya Alhamisi, tafuta saa moja mketi naye mahali penye utulivu, umwambie kwamba ni hesabu yake iliyokutoa kitanda cha 15. Kisha muulize kama kuna mtu ameshazungumza naye kuhusu fishi.

Mama Mshauri